Zimwi Lililoshindwa Kumla Mbodze

Sogeeni. Anayejiona bora kuliko jirani yake akae karibu zaidi.

Zimwi lenye njaa lilikaa mlangoni pa kanisa. "Nipeni mtu asiyeumbwa kwa mfano wa Mungu nimle, niondoke."

Wazee wa kanisa wakamsukuma mbele Mbodze mfagiaji, ambaye siku ya Meza ya Bwana hunyweshwa kwa kikombe cha bati, peke yake.

Zimwi likanusa mikono, likanusa miguu, likanusa utosi. "Huyu ana pumzi ya Mungu! Haliki!"

"Nusa vizuri," wazee wakasisitiza.

Zimwi likaangua kilio. "Mimi zimwi nimeshindwa kumla. Ninyi mmemlaje miaka yote hii?"

Likaenda zake na njaa.

Jumapili, Mbodze akaletewa kikombe kilekile cha bati.

Hadithi imeisha. Hasira zangu bado.