Kwa Nini Nyufa za Ikuyuni Hutazama Njia

Wageni wakipanda Ikuyuni huanza kucheka wakifika kwenye bustani. Huona kitanda kilichosimamishwa kimekuwa lango, mitungi yenye nyufa imepangwa kando ya matuta, na mlango mkuukuu umelazwa juu ya vigingi, maboga yakitambaa juu yake. Huuliza kama watu wa huku wamehama wakaacha vyombo nje. Basi kaeni, niwaeleze, maana hata sisi tulichekana kabla yenu.

Zamani, Ikuyuni haikuwa na kitu kilichovunjika. Ndivyo mgeni alivyoambiwa, na akipita nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, ndivyo alivyoona. Si kwamba vyombo vya huko vilikuwa vya chuma. Vilivunjika kama vinavyovunjika kwingine. Lakini kila nyumba ilikuwa na shimo nyuma ya migomba, na chombo kikipata ufa kilifunikwa kwa majani, kikapelekwa shimoni kabla jirani hajapita, na hakikutajwa tena. Nyumba yenye kovu, walisema, imekosa mikono.

Aibu hiyo ilifika hadi bustanini. Kila mwaka mvua zilipokaribia, watu walikata miti mipya ya uzio na ya chanja za kutambazia maboga. Miti ya mwaka uliopita ilichomwa hata kama ilikuwa bado mizima. Kilima kilizidi kuwa uchi, na miti ikawa inafuatwa mbali, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Mahali pamoja tu hapakuguswa. Juu ya kijiji palikuwa na chemchemi, na mikuyu ilisimama kuizunguka, mikubwa kwa midogo. Mizizi yake ndiyo iliyoushika ukingo. Tawi lililoanguka lenyewe liliokotwa kwa ruhusa ya wazee. Mti ulio hai haukukatwa, na panga halikupandishwa pale.

Bustani ya Nakiete, mke wa Senzota, ilikuwa kando ya njia ya chemchemi. Kila mwanamke aliyekwenda maji aliipita, na Nakiete alipenda waipite. Alikuwa akipalilia upande wa njia kwanza, upande wa nyuma baadaye.

Mwaka mmoja Senzota aliumia mguu. Hakuweza kwenda mbali kukata miti, na mvua zilikuwa zimekaribia. Uzio wa mwaka uliopita ukabaki umesimama. Siku moja asubuhi wifi yake Nakiete, Nanzia, alipita na wenzake, mitungi kichwani, akasimama.

"Wifi, uzio wako umeota mvi!"

"Mguu wa kaka yako haujapona," Nakiete akasema.

"Mguu ndio unaoshika panga? Jamani, kaka yangu alioa mikono au alioa maneno?"

Wenzake wakacheka. Nanzia naye alicheka, maana wifi na wifi ni watani, na akaendelea na safari yake akiwa ameshasahau. Nakiete hakusahau. Alishinda akiutazama uzio, na kadiri alivyoutazama ndivyo alivyouona mbaya zaidi.

Siku iliyofuata, jua lilipofika utosini na watu wakaingia ndani kupumzika, alichukua panga la mumewe akapanda chemchemini. Mikuyu midogo ilikuwa imenyooka kuliko miti yoyote aliyowahi kuiona. Alikata mmoja. Alijiambia kwamba mmoja hautaonekana. Kisha akakata mingine, mpaka alipopata ya uzio mzima na ya uchanja. Utomvu mweupe ulimganda vidoleni. Aliusugua kwa mchanga, ukakataa kutoka, akaenda nao nyumbani.

Senzota aliitazama miti akauliza imetoka wapi.

"Mbali," Nakiete akajibu.

Mumewe hakuuliza tena. Miti ilipogolewa matawi, ikasimikwa, na bustani ikang'aa. Nanzia alipopita alipiga vigelegele. Nakiete alicheka, mikono yake akiwa ameificha kwenye nguo.

Mvua zilikuja. Ukingo uliokuwa umeshikwa na mikuyu midogo haukuwa tena na wa kuushika, ukamomonyoka, na tope likaziba jicho la chemchemi. Watu walipolizibua walipata maji ya kudondoka tu. Wanawake walianza kupanga foleni tangu alfajiri, na waliochelewa walirudi na matope. Hapo ndipo walipoviona visiki.

Mzee Mchome, aliyekuwa msimamizi wa maji, aliwaita watu wote.

"Nani amekata?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Nakiete alikuwa amesimama katikati ya wanawake. Alijiambia kwamba atasema mzee akiuliza mara ya pili. Mzee akauliza mara ya pili. Akajiambia atasema watu wakitulia kidogo.

Sauti ikatoka nyuma. "Si tuulizane nani anaishi jirani na chemchemi? Nani ana tezo la kuchongea?"

Watu wakageuka kumtazama Kiangi. Alikuwa mzee mjane, mchonga mizinga ya nyuki, na kweli nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu na maji.

"Sijakata," Kiangi akasema.

"Mwaka jana hukuomba tawi la mkuyu?"

"Niliomba. Kumbe siku hizi mwizi huanza kwa kuomba?"

Wachache walicheka, lakini Mchome hakucheka. Alisema kwamba kwa kuwa hakuna mwingine anayejulikana kuchonga mkuyu, Kiangi atachota maji mwisho, baada ya watu na baada ya mbuzi, mpaka ukweli ujulikane. Nanzia alimgusa Nakiete kwa kiwiko.

"Mvi zote zile, wifi! Angalau angeiba kitu cha kuliwa."

Na Nakiete akacheka. Kicheko hicho alikuja kukikumbuka kuliko alivyolikumbuka panga.

Tangu hapo, kila alipokwenda maji, alimkuta Kiangi ameketi pembeni juu ya jiwe, kibuyu chake miguuni. Watu walichota. Mbuzi walikunywa, wakakanyaga, wakaondoka. Kisha mzee aliinuka, akainama, akakusanya kilichobaki kwa kiganja. Alipowaona wanawake wakimtazama aliwasalimia, kama mtu aliyekuja kwa hiari yake. Nakiete aliitikia salamu huku akitazama chini.

Mkuyu una tabia ambayo Nakiete hakuifikiria. Ukiukata mbichi na kuusimika penye unyevu, hauoni kwamba umekufa. Asubuhi moja alikuta chipukizi kwenye mti wa pembeni, jani dogo lenye mkwaruzo kama ulimi wa paka. Katika kilima kizima hapakuwa na mti mwingine wenye jani hilo isipokuwa kule chemchemini. Alilinyofoa. Kesho yake yalikuwa mengi zaidi. Ikawa kazi yake ya kwanza kila kukicha, kabla ya kuwasha moto, kabla hata ya kumsalimu mumewe: kuuzunguka uzio akinyofoa majani na kuyazika kwenye tuta. Watu waliopita walimsifu. Walidhani anatoa wadudu.

Siku moja, alipokwisha kunyofoa, Kiangi alifika kwenye lango lake.

"Hodi hapa, mwanangu."

"Karibu, baba."

Alisita kabla ya kusema, kwa sababu alilotaka kulisema halikusemwa Ikuyuni. "Kibuyu changu ni kidogo. Maji nikiyapata, sina pa kuyaweka yakae. Nilikuwa nauliza kama una mtungi wa zamani. Hata wenye ufa. Ufa nitauziba kwa nta."

Nyuma ya migomba, shimo la Nakiete lilikuwa limejaa mitungi. Lakini kukubali kwamba upo mmoja ilikuwa kukubali kwamba nyumba yake ina kovu.

"Hapa hatuna kilichovunjika, baba," akasema.

"Basi, mwanangu. Si neno."

Kiangi aliushika uzio ili ajisukume aondoke. Mkono wake ulitulia pale. Nakiete alifuata macho ya mzee. Chini ya kiganja chake, mahali ambapo yeye hakupaona asubuhi ile, jani la mkuyu lilikuwa limechomoza.

Kiangi alilitazama. Alimtazama Nakiete. Wakati huohuo sauti za wanawake zilisikika njiani wakirudi maji, Nanzia akiwa mbele. Mzee alilinyofoa lile jani, akalifumba kiganjani, akawapisha wanawake wapite.

"Mzee Kiangi, umekuja kukagua uzio?" Nanzia akamtania. "Angalia usije ukaona miti ya kuchonga!"

"Macho yangu mabovu, mama," Kiangi akasema. "Siku hizi siioni miti vizuri."

Akaondoka, jani likiwa mkononi.

Nakiete alibaki ameshika lango. Alikuwa amezoea kuogopa kuonekana. Sasa alikuwa ameonekana, na aliyemwona alikuwa amemfunika, kama vile Ikuyuni walivyofunika mtungi wenye ufa.

Kesho yake hakunyofoa jani lolote. Jua lilipokuwa limepanda na watu wote wako nje, alianza kuing'oa miti. Aliing'oa yote, ya uzio na ya uchanja, akaibeba mzigo baada ya mzigo kwa njia ileile ya watu, majani yakining'inia. Waliokutana naye walimpisha. Aliisimika kwenye ukingo wa chemchemi, karibu na visiki, akaishindilia kwa mguu. Kisha akarudi.

Bustani ilikuwa imebaki wazi, na mbuzi walikuwa wameshanusa. Maboga ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba ile mpaka mavuno. Miti mingine hakuwa nayo, na mguu wa Senzota ulikuwa bado. Akaenda nyuma ya migomba akashuka shimoni.

Alitoa kitanda chao cha kwanza, kamba zikiwa zimekatika katikati. Alitoa mlango ulioliwa na mchwa upande mmoja, kinu kilichopasuka, mipini ya majembe, mitungi, vyungu na matenga yasiyo na kitako. Senzota alichechemea hadi mlangoni.

"Unataka watu wajue tulilalia kamba zilizokatika?"

"Watajua," akasema. "Nishikie upande huu."

Senzota akashika. Walikisimamisha kitanda kikawa lango. Mlango waliulaza juu ya vigingi vya mipini ukawa uchanja. Vyungu visivyo na kitako alivifunika juu ya miche ili jua lisiichome, na matenga akayafunga pamoja yakawa ukuta wa upande wa mbuzi. Mitungi yenye nyufa aliizika nusu kando ya maboga, akaitia maji kidogo aliyokuwa nayo. Maji yalitoka ufani polepole, yakaingia kwenye mizizi. Mkono wake ulitaka kuugeuza kila ufa uelekee ndani. Alipogundua hivyo, aliinama akaugeuza kila mtungi upya, ufa ukatazama njia.

Watu walianza kusimama. Nanzia alitua mtungi wake chini. Alidhani ni mzaha, akaanza kwa mzaha.

"Makubwa haya! Wifi, mtungi huu umevunjwa na nani?"

"Na mimi."

"Na kinu?"

"Mimi."

"Na hizo kamba za kitanda? Usiniambie ni kaka yangu, nitacheka mpaka kesho!"

"Mimi."

Watu walikuwa wakicheka. Mzee Mchome alikuwa miongoni mwao, na Kiangi alikuwa amesimama nyuma kabisa, mahali alipozoea kusimama. Nanzia aliangalia mahali uzio mpya ulipokuwa jana, akaangalia matone ya utomvu yaliyokauka kwenye mashimo. Kicheko kilimpungua. Alipouliza tena, aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu ambaye angependa asijibiwe.

"Na mikuyu ya chemchemi, wifi?"

"Mimi," Nakiete akasema. Kisha akasema kwa nguvu, ili wa nyuma asikie. "Mimi ndiye niliyekata. Mzee Kiangi amekuwa akinywa baada ya mbuzi kwa ajili yangu, na siku ile mlipocheka, nilicheka."

Nanzia alichukua mtungi wake, hakuupandisha kichwani, akaondoka ameukumbatia.

Mchome alitoa hukumu palepale: Nakiete atachota mwisho. Nakiete alikuwa ameshaamua hivyo. Jioni ile Kiangi alipita na mzinga mkuukuu begani, akauweka kwenye pengo lililokuwa limebaki kwenye uzio.

"Umepasuka," akasema. "Ulipasukia mkononi mwangu."

Nakiete alimpa mtungi, ule uliokuwa na ufa mdogo kuliko yote. Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Hilo tu ndilo lililozungumzwa kati yao.

Miti iliyosimikwa ilishika, si yote. Ukingo ukatulia, na maji yakarudi kidogo kidogo. Lakini kuna lililobaki. Kiangi alipoambiwa apite mbele ya watu achote, alikataa. "Nimeshazoea," alisema, akaketi juu ya jiwe lake. Nakiete naye hakuweza kuchota kabla yake. Mbuzi wakishaondoka, wawili hao walibaki kila mmoja akimngoja mwenzake, mpaka siku mzee alipokufa. Siku zote mzee ndiye aliyeshinda, na Nakiete aliinama akachota mbele ya macho yake.

Na tangu siku Nakiete alipoungama, mashimo ya nyuma ya migomba yakafukuliwa, moja baada ya jingine. Hakuna anayekata mti hai kwa ajili ya uzio. Bustani za Ikuyuni hujengwa kwa vilivyochakaa ndani ya nyumba, na kila ufa hutazama njia. Apitaye ana haki ya kusimama na kuuliza, "Hiki kimevunjwa na nani?" Huenda kilivunjwa na mtoto, au na mbuzi, au upepo ulikidondosha. Hao hawatajwi. Mwenye bustani huacha jembe, hunyoosha mgongo, hujibu kwa sauti ya kufika hadi chemchemini: "Mimi."