Mbuzi Aliyeburutwa Mlimani Oremi

Paukwa!
Pakawa!
Mlima?
Wa theluji!
Na ndani ya theluji?
Zimwi!

Hapo kale, asubuhi ya siku ya tatu ya dhoruba, zimwi la mlima Oremi lilijilaza kwenye mteremko juu ya njia, likajifunika theluji mpya. Lilikuwa na njaa.

Watu wa Oremi walikuwa na desturi. Dhoruba ikipiga, hapiti mtu chini ya mteremko ule kabla ya mbuzi. Mbuzi akienda, watu wanapita. Mbuzi akikataa, watu wanangoja.

Basi siku hiyo jumbe Ndekirwa alitakiwa arusini ng'ambo ya mlima. Akawaita wachukuzi wambebee mitungi ya pombe. Mmoja wao alikuwa Lekasio, mume wa Manka, na Manka ndiye aliyemtunza mbuzi.

Manka akamwachilia. Mbuzi akafika njiani, akanusa, akarudi.

"Mbuzi amekataa," Manka akasema.

"Mpe chumvi," jumbe akasema.

Mbuzi akalamba chumvi, akarudi.

"Mbuzi amekataa."

"Mchape."

Mbuzi akachapwa, akarudi, akasimama nyuma ya Manka.

"Mbuzi amekataa, jumbe. Na mimi nimechomeka fimbo kwenye theluji pale. Juu pagumu, chini patupu, na mle ndani kuna kitu kinapumua."

"Kinapumua? Mama Ndelilio, labda umesikia tumbo lako. Desturi inasema mbuzi atangulie. Haikusema asifungwe kamba."

Basi mtumishi wa jumbe akamfunga mbuzi kamba, akamburuta. Kwato zilichora mistari kwenye theluji. Wazee wa baraza waliiona mistari ile. Wakasema, "Mbuzi ametangulia."

Manka akamshika mumewe mkono. "Baba Ndelilio, tua mtungi."

"Nikitua, jumbe atanifukuza shambani mwake."

"Akufukuze ukiwa hai."

Lekasio akatua mtungi. Wenzake wakaingia njiani. Jumbe akabaki nyuma, akisema anawasimamia.

Zimwi likahisi miguu. Likageuka ubavu. Mteremko mzima ukakatika, theluji ikaporomoka, ikawafunika wachukuzi, mtumishi na mbuzi. Zimwi likala.

Wake zao wakaja wakilia. Jumbe akawaambia, "Desturi ilifuatwa. Wazee ni mashahidi. Mbuzi ndiye aliyetudanganya."

Wazee wakatazama chini.

Jioni hiyohiyo jumbe alimfukuza Lekasio shambani, kwa kosa la kutua mtungi. Manka akafunga mizigo. Wajane nao wakafunga mizigo. Majirani wakaona, wakafunga yao.

Asubuhi, moshi ulitoka kwenye nyumba moja tu pale Oremi. Nyumba ya jumbe.

Funzo lake, watoto, ni hili: jumbe aliambiwa mara tatu. Mtu akiijua hatari, kisha akawapeleka wenzake, hiyo si ajali.

Ngano yangu nimeikomesha hapo.