Kitanda Kimoja Ndani ya Tulivu

Sogezeni viti, wakubwa kwa wadogo. Kesi hii haijahukumiwa, na aliyepaswa kuihukumu amekwisha kuchoka nayo.

Palikuwa na nahodha mmoja huko Tanga, Bi Mwanakheri, mstaafu wa kazi ya kuongoza meli bandarini. Alikuwa na mashua ya matanga iitwayo Tulivu, yenye vitanda vinne vyembamba: chake, na vya watu watatu aliokusudia kusafiri nao mpaka Ngazija. Wa kwanza alikuwa mumewe, Shekue, aliyejaliwa sikio: akigonga ubao alijua nyuma yake kuna nini. Wa pili alikuwa wifi yake, Mwantumu, dada wa Shekue, aliyejaliwa mikono: alichokifunga yeye hakikufunguka mpaka akifungue mwenyewe. Wa tatu alikuwa mdogo wake wa kiume, Mbaruku, aliyejaliwa nyayo: akisimama tu ndani ya chombo, alijua uzito umeegemea wapi.

Tulivu ilikuwa na mashine ya kushika usukani, friji na taa, na vyote vilikunywa umeme kama ng'ombe wa kiangazi. Betri zilizokuwemo zisingefika hata nusu ya njia. Bi Mwanakheri akaleta nyingine, kila moja nzito kama mfuko wa saruji, akaziteremsha gatini. Hapo ndipo adha ilipoanza. Karibu na injini, joto lingeziua. Chini ya sakafu, maji yangezifikia. Chini ya meza, nyaya zake zingepita jirani na dira, na dira ikipata jirani wa namna hiyo husema uongo.

"Tangu asubuhi nazihangaikia hizi betri kama mtu anayemtafutia mchumba binti mwenye kisirani!" alifoka. "Nakwenda mjini kununua nyaya. Nikirudi, nataka kuzikuta ndani. Mtakavyofanya, shauri yenu."

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza.

Chumba cha ndani kilikuwa chembamba, kikimruhusu mtu mmoja tu kuinama na kufanya kazi. Wakaingia kwa zamu.

Shekue aliingia kwanza. Akagonga ubao baada ya ubao, hata akasikia uwazi mkubwa nyuma ya ukuta wa kushoto. Ili kuufikia, ilibidi akate kitanda chake au cha dada yake. Mtu na adabu zake hapitishi msumeno kwenye kitanda cha dada yake. Akakikata chake, akaziingiza betri, akasema moyoni, "Kwa wenzangu hapatakosekana pa kujilaza."

Mwantumu akafuata. Akazikuta betri zimo, lakini hazijashikwa na kitu. Wimbi la kwanza lingezirusha kama mawe ya manati. Alihitaji mbao na mikanda, navyo vilipatikana katika kitanda chake au cha Mbaruku. Mbaruku ni shemeji, na kitanda cha shemeji hakifumuliwi. Akakifumua chake, akazifunga betri zikatulia kama zimezaliwa humo, akasema moyoni, "Kwa wenzangu hapatakosekana pa kujilaza."

Mbaruku akaja wa mwisho. Mguu wake ulipokanyaga tu, akajua: chombo kimeinama kushoto kama shavu la mtu mwenye jipu la jino. Matangi ya maji yalipaswa kuhamia kulia, na huko palikuwa na kitanda chake na cha nahodha. Nani atakayetandika matangi juu ya kitanda cha nahodha, ambaye pia ni dada yake mkubwa? Akayapanga juu ya chake, akayakaza, Tulivu ikasimama wima. Naye, macho yakiwa kwenye matangi tu, akajisemea yale yale.

Bi Mwanakheri akarudi. Akaziona betri, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akageuza macho.

"Na vitanda?"

Wakatazamana.

"Changu nimekikata," alisema Shekue.

"Changu ndicho kilichozishika betri," alisema Mwantumu.

"Changu kina maji, dada."

"Nyinyi watu!" Nahodha alijishika kichwa. "Nimewaambia mzitafutie betri nafasi, mmezijengea nyumba, mkajifukuza wenyewe!"

Kilibaki kitanda kimoja, chake. Baharini mmoja hulala na mwingine akawa macho, hivyo kitanda kimoja ni cha watu wawili kwa zamu, na wa tatu hana hata pa kujinyoosha. Basi katika wale watatu angesafiri mmoja.

"Jambo liko wazi," Shekue alianza. "Bila uwazi niliousikia mimi, betri zingekuwa gatini zikioga mvua. Isitoshe, mke wangu, mimi ni mumeo."

"Ndoa ameiacha nyumbani, kaka," alidakia Mwantumu. "Humu yupo nahodha. Nawe umepata shimo tu. Hata panya hupata shimo. Mimi ndiye niliyezizuia zisitupasue."

"Kweli, shemeji," alisema Mbaruku. "Umefunga barabara mzigo ambao ungetupindua. Zingefika chini ya bahari bila fundo hata moja kulegea."

"Wewe umefanya nini zaidi ya uchukuzi wa maji?" Mwantumu alimgeukia.

"Basi!" nahodha aliwakatiza. "Hata kuku wakigombea mtama hunyamaza wakimeza!"

Bi Mwanakheri akapima. Kutangulia si kustahili zaidi, maana nyumba huanza na msingi lakini hailaliwi bila paa. Hoja ya "bila mimi" ilikuwa kweli kwa kila mmoja: mwondoe yeyote, kazi yote inaanguka. Hoja inayowapa haki wote haimpi yeyote ushindi. Hasara? Kila mmoja alipoteza kitanda. Faida ya mbeleni? Sikio lingewahi kusikia ufa, mikono ingelidhibiti tanga, nyayo zingehisi dhoruba. Kura nayo haiamui haki. Humpumzisha mwamuzi tu. Kuzitoa betri kungewaacha gizani, na kitanda kilichokatwa kisingeungika. Na kwenda peke yake hakuwezekani, kwa kuwa hakuna binadamu anayekesha mpaka Ngazija.

Tena huyo atakayemchagua ndiye atakayeshika roho yake mkononi kila atakapofumba macho. Nao wawili atakaowaacha hawaachiki: mume atamkuta nyumbani, wifi atamkuta kwenye kila shughuli, ndugu atamkuta katika damu.

"Mungu wangu," alinong'ona, "heri ningeziacha betri hizi ndani ya magari zilimotoka."

"Betri hizi ni mpya, dada."

"Mbaruku, nyamaza!"

Maji yalikwisha kujaa. Watatu walisimama gatini, kila mmoja na mkoba wake begani, kila mmoja akimtazama nahodha bila kupepesa. Naye ameshika kamba, na mdomo wake uko wazi, na jina halijatoka.

Asijibu mtu kwamba wote waende, maana kitanda ni kimoja. Je, wewe unayesikiliza, kamba ingekuwa mkononi mwako, ungemwita nani apande? Na wale wawili, ungewatazama usoni ukawaambia nini?