Chapa ya Kenge

Ngano!
— Na ije.
Ya kweli?
— Ya uongo, ndiyo tamu.

Mnaitikia kama mnaumwa na meno. Haya, basi.

Alikuwapo Kenge, mkubwa, mlafi, mjinga kiasi cha kunichosha mimi ninayemsimulia. Asubuhi moja akambana Tunutu kwenye bua la mtama. Tunutu, kama hamjui, ni panzi mchanga ambaye hajaota mbawa. Hana cha kurukia.

"Leo nakula," Kenge akasema.

"Utakula nini, baba mkubwa? Mimi ni miguu mitupu. Nipige chapa kama mfugo, unisubiri ninenepe."

Kenge akafurahi kufanywa mfugaji. Akachovya kidole topeni, akamtia alama mgongoni, pa! Akaapa kwa mkia wake kwamba mwenye chapa ni wake, asiye na chapa hamgusi.

Akaenda, akarudi. Kwenye bua akaona mgongo wenye chapa. Akabugia, kwachu! Ganda tupu. Juu kidogo ametulia tunutu mkubwa zaidi, laini, msafi, kama aliyejivua ganda sasa hivi.

"Na wewe nani?"

"Unaniona na chapa?"

"Sioni."

"Basi si wako. Ila ukitaka, nipige."

Pa! Akaenda, akarudi. Kwachu! Ganda tupu. Na juu kidogo yupo mwingine, mkubwa kuliko yule, ameota vibawa vifupi mabegani.

"Unaniona na chapa?"

"Sioni."

"Basi si wako. Ila ukitaka, nipige."

Pa! Msiniulize kwa nini hakumla papo hapo. Ameapa kwa mkia, na mkia wenyewe anaupenda. Ananichosha huyu, nawaambia.

Akaenda, akarudi. Kwachu! Juu ya bua amekaa panzi wa kahawia, anakausha mbawa ndefu juani.

"Tunutu wangu yuko wapi?" Kenge akafoka, makombo ya ganda yamemjaa mdomoni. "Namfuga tangu mvua za kwanza, na nina njaa."

"Tunutu umemla mwenyewe, baba mkubwa, kila ulipokuja. Hujashiba tu?"

Hapo Kenge akasahau kiapo, akajirusha. Pruuu! Panzi huyo, ng'ambo ya mto. Kenge akabaki amekumbatia bua.

Funzo lenu ni hili: mtoto mwema hutulia alipowekwa, hamjibu mkubwa, wala habadiliki-badiliki. Mkimwona panzi, mwambieni.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, mimi mgongo unaniuma.