Sanduku la Walimu Laitwa Ikulu

Palikuwa na Sultani mmoja wa Mtondoni, jina lake Badru, aliyekuwa na kila kitu isipokuwa kazi ya kufanya. Mtu wa namna hiyo akiamka hutafuta cha kuchukua. Ijumaa moja aliamka akataka sanduku la walimu.

Msiniulize la nini. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajafika kwenye swali hilo.

Walimu wa Mtondoni walikuwa na chama, chama kilikuwa na shule tisa, na shule tisa zilikuwa na sanduku moja. Ndani mlikuwa na ramani mbili, tufe la dunia, chaki, na vitabu vya hadithi vilivyolegea kurasa kwa kushikwashikwa. Kila Jumamosi sanduku lilihamia shule nyingine. Siku hiyo hiyo karatasi ya habari za chama ilipelekwa shule zote ikasomwe kwa sauti: paa lipi linavuja, nani amehamishwa, nani amejifungua na anatafutiwa wa kumshikia darasa.

Mwandishi wa karatasi na mtunza sanduku alikuwa Mwalimu Mwanahawa, mama wa watoto sita. Asubuhi hiyo alikuwa uani anatoa dagaa vichwa, ndoo nzima, mpiga mbiu alipopita njiani.

"Sanduku la walimu ni mali ya ikulu kuanzia leo! Liletwe kabla ya alasiri!"

"Shaali!" Mwanahawa akaita. "Njoo hapa. Rudia."

Shaali akasogea mlangoni ameinamisha kichwa. "Mwalimu, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Kusoma nimekufundisha mimi, na sasa unanisomea upuuzi mlangoni kwangu. Analitakia nini?"

"Anasema lile tufe litapendeza barazani."

"Na watoto wa Kisimani? Zamu yao ni kesho. Wamengoja wiki nane."

"Hao hakuwataja."

Mwanahawa akanawa mikono mara mbili, lakini harufu haikutoka. Akafunika dagaa kwa ungo na jiwe juu yake, paka asiwafikie, akajitwika sanduku, akaenda.

Barazani Sultani alikuwa amekaa na watu wake, wote wameshiba, wote wamechoka kwa kukaa.

"Unanuka samaki," akasema Sultani.

"Dagaa, Mtukufu. Samaki tunasikia wako huku kwenu."

"Liweke hapo. Litakaa hapa."

"Litakaa. Siku ngapi?"

"Siku ngapi? Ni langu!"

Mwanahawa akatoa karatasi na kalamu. "Lazima niandike siku, Mtukufu. Ndivyo chama kinavyofanya. Sanduku hukaa wiki moja kila mahali. Anayelishikilia zaidi huandikwa kwenye karatasi ya habari, na sababu yake husomwa shule zote tisa."

"Sababu ni kwamba nimetaka."

"Hiyo hatuna. Tuna sababu moja tu: waliopewa bado hawajaelewa somo."

Nyuma huko mtu akakohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua. Waziri Sefu, aliyelipwa kwa ajili ya saa kama hizo, akaruka mbele. "Andika kwamba Mtukufu analishika milele!"

"Milele," akasema Mwanahawa. Akaandika polepole, akitamka kila neno kama mbele ya darasa la kwanza. "Ikulu... hawataelewa... milele."

"Futa!"

"Nifute lipi, Bwana Waziri? 'Hawataelewa' au 'milele'?"

"Yote! Andika mwezi mmoja."

"Mwezi." Akatikisa kichwa. "Shule ya Mkwajuni walichukua wiki mbili, na wale darasa zima lilikuwa na surua."

Sultani akapiga mkono wa kiti. "Basi napiga marufuku karatasi yenyewe!"

"Vizuri. Nani ataziarifu shule?"

"Mpiga mbiu."

"Na atatangaza nini, Mtukufu? Kwamba ni marufuku kuzungumza habari za sanduku lililokwama ikulu? Sasa hivi watakaojua ni walimu arubaini. Akishapita yeye, watajua hadi wauza kuni."

Sultani akalitoa tufe sandukuni ili mikono ipate kazi. Akalizungusha. Akalizungusha tena. Akaliinamia mpaka pua ikakaribia kugusa bahari.

"Mtondoni iko wapi hapa?"

"Haimo."

"Haimo vipi?"

"Ni ndogo, Mtukufu."

"Unataka nikae na kitu ambacho mimi simo?"

"Watoto wa Kisimani hukaa nacho vizuri tu. Wao wamezoea."

"Ondoa takataka zako!" akanguruma Sultani.

Mwanahawa hakungoja aambiwe mara ya pili. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Kisimani, akaliacha sanduku siku moja kabla ya zamu, maana mtu asiye na kazi hubadili mawazo haraka. Kisha akarudi kwa dagaa wake. Paka alikuwa amejaribu, lakini jiwe lilikuwa zito.

Jua lilipotua chakula kilikuwa kimeiva. Akasonga ugali, akapakua, akahesabu vichwa kwenye mkeka: wanne, watano, na wa sita ambaye ilibidi avutwe kutoka kwa jirani. Wote walikuwapo. Hapo ndipo hodi ilipobishwa mlangoni, na aliyesimama nje alikuwa Waziri Sefu, amekuja kwa miguu.

"Mwalimu, Mtukufu ana ombi. Ombi, si amri."

"Sema upesi, ugali unapoa."

"Ile karatasi ya habari ya kesho. Anaomba usiandike kwamba Sultani hakuelewa."

Mwanahawa akamwongezea mchuzi mtoto wa sita.

"Mwambie alale usingizi wake, Bwana Waziri. Sisi tunaandika habari mpya. Hilo mji mzima ulikuwa unalijua."