Mtapo Dume wa Nakijwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kilima!
Na kilimani?
Mitapo miwili, dume na jike!

Hapo kale alikuwepo mkulima, Nakijwa, mwenye mikono isiyotulia. Ukingoni mwa shamba lake ilisimama mitapo miwili aliyoachiwa na bibi yake, miti mifupi, minene, majani ya miba. Ilikua polepole mno. Jani jipya likitoka, watu waliitana kulitazama. Na kwao binti akiolewa, mama humpa mche wa mtapo akaupande kwa mumewe. Asiye na mche huambiwa hana kwao.

Shambani kulikuwa pia na kishonanguo, gugu lile la maua meupe na mbegu za kung'ang'ania nguo. Nakijwa akaling'oa, likaota. Akaling'oa, likaota. Akaling'oa, likachanua likicheka.

"Mama, mimi majani yangu unapika mboga. Mbona waniandama mimi, na yule dume pale hajakuzalia hata kokwa moja?"

Nakijwa akamgeukia dume. Kweli, kokwa nyekundu alizaa jike peke yake. Na mpapai dume si hukatwa? Enyi wakulima, msinitazame hivyo, nanyi mmekata!

Akachukua shoka. Pa! Pa! Pa! Dume chini. Akachimba hadi mizizi, akachoma.

Mwaka wa pili binti yake, Namsifu, akachumbiwa. Mama akapanda kokwa. Hazikuota. Akapanda tena. Kimya. Mara ya tatu akapasua moja, akakuta ndani tupu, haina kiini.

Akamkimbilia wifi yake, Nambike. "Wifi, kokwa zangu zimeingiwa na nini?"

"Dume lako liko wapi, wifi?"

Nakijwa akainama.

"Umelikata? Ole wako! Jike atazaaje bila mume?"

Nakijwa akapanda vilima vitatu kutafuta dume jingine. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Majuto ni mjukuu, jamani, lakini ya Nakijwa yalifika binti hajaolewa bado.

Siku ya harusi Namsifu akanyoosha mikono. "Mama, mche wangu?"

"Nimeukata, mwanangu. Nimeukata kabla haujaota."

Wakalia wote wawili. Kisha Namsifu akakatiza katikati ya shamba, akaenda zake mikono mitupu. Alipofika kwa mumewe, mama mkwe akamwinamia, akaanza kumbandua mbegu za kishonanguo, zimejaa pindo zima la kanga.

Ngano yangu naitua hapa. Mkiiona tamu, gawaneni. Mkiiona chungu, nirudishieni, nimeizoea.