Konokono Mia na Birika la Kioo

Hapo zamani, na wenye karanga tafuneni polepole, kwa maana mwisho nitawauliza, palikuwa na mji uitwao Shakwe. Watu wa Shakwe walikuwa na majivuno, na walikuwa na haki ya kujivuna. Malkia wao, Mwana Aziza, alikuwa na kitu kisichokuwapo pwani nzima: birika la kioo. Lilikaa ukumbini kwake, refu kama kitanda, limejaa maji matamu ya kisima, chini limetandikwa mawe, na ndani yake wakiogelea samaki wadogo wa mtoni, wengine buluu, wengine manjano ya binzari.

Aliyelijaza birika hilo ni Mize binti Vuai, mchota maji. Miaka kumi na miwili alichota, na hakumwaga hata tone mlangoni kwa malkia. Kila asubuhi akishatua mtungi, alisimama akawatazama wale samaki, akasema moyoni, "Maji haya ni yangu." Na kweli yalikuwa yake, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Basi mwaka mmoja birika likaota ukoga, ule utando wa kijani unaoteleza. Ukaanza pembeni, ukapanda, ukayafunika mawe, ukaziba kioo chote. Watumishi wakausugua kwa makumbi ya nazi, wakakikwaruza kioo bure. Siku ya tatu ukarudi. Na wageni kutoka Kilelu, mahasimu wao wa siku zote, walikuwa waje baada ya siku arobaini. Huko Kilelu tayari wanaimba kwamba Shakwe wana samaki wa kusikia, si wa kuona!

Mwana Aziza akapiga mbiu: "Atakayenichagulia mnyama wa kuula ukoga huu, hata wageni wakikuta kioo kinang'aa na samaki wangu wazima, siwa yangu italia mlangoni kwake."

Siwa, jamani! Baragumu la pembe ya ndovu, lililotoka nyumbani kwa malkia mara moja tu kwa mwaka, likapulizwa kwenye harusi ya nyumba moja tu, na nyumba hiyo daima ilikuwa ya wakubwa. Mize alikuwa na binti, Rukia, aliyekuwa aolewe mwezi uleule. Mama wa bwana harusi alikwisha kusema mbele za watu kwamba mwanawe anaoa penye mtungi. Mize akaisikia mbiu ile. Aliitaka siwa ile kuliko alivyopata kutaka kitu chochote.

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Shekue, mwungwana mwenye mashamba ya mpunga. Tangu utoto alikuwa akiwaona konokono wa mpungani wakilamba mawe ya mfereji mpaka yakawa meupe. Akaleta konokono mia juu ya sinia la shaba, ngoma mbele, ngoma nyuma.

"Mtu kama mimi," akasema, "haleti konokono watatu."

Wa pili alikuwa Mzee Mcha, mvuvi wa mto. Hakuja na ngoma. Alikuja na kifuu cha nazi, na ndani ya kifuu visamaki viwili vyeusi, mdomo uko chini, vya kunyonya mawe.

"Hawa hawagombani, hawali wenzao, wala hawakui wakapita kidole," akasema. "Wawili watosha."

"Mwana, huyu kakuletea kitoweo cha paka!" watu wakacheka. Mcha akawatia majini, wakajificha chini ya mawe, wasionekane tena.

Siku ya nne kioo kikang'aa! Ngoma zikapigwa tena, na Bwana Shekue akatembea mjini kama mtu ambaye siwa inamngoja mlangoni. Lakini siku ya kumi Mize alipotua mtungi akasikia harufu. Konokono mia, na ukoga umekwisha, watakula nini? Njaa. Mmoja amekufa, wa pili amekufa, maji yamekuwa mazito, na samaki wamepanda juu kuhema.

Mize akaenda mbio kwa Bwana Shekue. "Bwana, konokono wako wana njaa. Niruhusu niwapunguze."

"Wewe mchota maji unipunguzie mimi? Zawadi ya mwungwana haipunguzwi!"

Mize akarudi. Alijua kwamba kuigusa zawadi ile kungeweza kumkosesha kazi. Akaogopa, tena sana. Kisha akakunja mkono wa nguo, akatia mkono birikani. Akatoa mmoja, akatoa wa pili, akatoa mpaka wakatimia tisini na nne; wafu akawafukia, wazima akawarudisha mpungani. Waliobaki ni sita. Hao kila asubuhi akawatilia jani la mchicha lililochemshwa, na kila asubuhi akayateka maji mabovu kidogo na kutia mapya, hata wageni wakafika.

Wakaingia ukumbini. Mkubwa wao akawaona samaki, akanyoosha mkono amshike mmoja, na pete yake ikagonga kioo, ngo! Hakujua kama kipo. Shakwe nzima ikalipuka kwa vigelegele.

Wageni walipokwenda zao, Mwana Aziza akawaita wenye madai.

"Ukoga uliliwa na konokono wangu," akasema Bwana Shekue. "Siku nne tu! Nani mwingine aliweza?"

"Konokono walilamba kioo," akasema Mzee Mcha. "Mawe je? Wangu hawakupigiwa ngoma, hawakufa, hawakumnukia mtu."

"Nani aliyewaona wakifanya kazi?" akauliza Shekue.

Mwana Aziza akageuka. "Mize, wewe uko hapa kila siku. Uliona?"

Mize akamtazama Rukia, aliyesimama karibu na mlango. Neno moja tu, "sikuona," na mshindani mmoja angepungua. Likamkaa ulimini. Akalimeza.

"Niliona, Mwana. Mawe yalitakata kabla konokono mmoja hajashuka kutoka kiooni. Na ukoga ulipotaka kurudi, wale wawili ndio walioula."

"Na wewe wadai nini?"

Mize akainua kichwa. "Bwana Shekue kaleta mia. Mimi nimeondoa tisini na nne. Mbiu yako, Mwana, ilisema kuchagua, haikusema kuleta. Nami nilichagua sita."

"Alitia mkono katika zawadi yangu bila idhini!" Shekue akapiga kelele.

"Ningengoja idhini yako, Bwana, wageni wangekuta jeneza la kioo."

Basi mpuliza siwa amesimama kizingitini, siwa mkononi, na milango ni mitatu. Mwana Aziza alikata shauri, lakini mimi sisemi. Nataka kusikia lenu. Siwa iende kwa aliyewajua konokono, akakifumbua kioo kwa siku nne, ingawa alizidisha? Iende kwa aliyeleta wawili wa kutosha, wakafanya kazi bila kuonekana? Au iende kwa aliyevunja amri ya mwungwana akayaokoa maji, ingawa hakuleta hata mnyama mmoja, kisha akasema kweli iliyoweza kumkosesha mwanawe siwa?

Je, nani alistahili?